Mkono wa Tatu

Ribor kalileta gitaa la babake ndani ya gunia la plastiki,
mvua ya Julai ikimfuata hadi mlangoni.
"Shangazi, linanguruma.
Studio wamenirudisha. Fundi wa kule kasema
yeye harekodi nyuki."

Nikalichomeka kwenye amplifaya. Kweli, nyuki.
Nyuki wa transfoma ya hapo kona, Jaiaw,
nyuki wa taa ya mrija juu ya meza yangu,
wa friji ya jirani muuza maziwa,
na chini yao, mbali, mtu wa redio
akisoma bei ya viazi.
Nikalaza kiganja kwenye nyuzi: kelele ikashuka nusu.
Nikakiondoa: wakarudi.
Ndivyo lilivyo gitaa lisilo na ngao,
humfanya mpigaji kuwa ukuta.
Kitbok alikuwa ukuta wake miaka ishirini na sita.
Hata akinywa chai kidole gumba hakikuachana na nyuzi,
nami nikidhani ni mahaba.

Skrubu kumi na moja. Kibao kikanyanyuka,
ikatoka harufu ya vumbi na jasho,
na kipande cha popoo, sijui kilipitia wapi,
maana kaka yangu hakufunga mdomo akiwa kazini.
Sasa anatafuna tambuu nyumbani kwa Mungu,
kama tusemavyo sisi Wakhasi juu ya waliotangulia.

Mapango matatu, mbao tupu, haijapakwa kitu.
Hapo ndipo kelele hupenya
kama baridi ipenyavyo shuka moja.
Na kwenye sakafu ya pango kubwa, kwa penseli:

*Daplin, waya wa kijani usiuguse.
Nitaumalizia mwenyewe.*

Waya upo. Ncha moja ameilehemu,
nyingine inaning'inia, ina kijicho cha skrubu,
inasubiri ngao ambayo hakuipaka.

Nilikaa.
Nikachukua mita, nikagusisha sindano mbili
kwenye herufi ya kwanza ya jina langu.
Namba ikatikisika, ikapanda, ikatulia.
Penseli ni kaboni. Rangi ya kopo langu ni kaboni.
Alikuwa ameshaanza kazi, na hakujua.

Mkono wa kwanza: herufi zikang'aa chini ya weusi
kama mishipa ya mguu wa mzee.
Nikaanika kwenye jiko la makaa, kwa mbali,
maana hapa Julai hata chumvi hulia.
Mkono wa pili: likabaki neno *usiuguse.*
Ukingoni niliacha rangi ipande juu
ikutane na foili niliyoibandika nyuma ya kibao.
Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi;
ngao ikivuja, hanafuiki mtu.
Brashi ikasimama hewani muda mrefu.
Nilifikiri kulizungukia lile neno,
kuliachia kidirisha.
Lakini kidirisha ni mlango, na nyuki hawabishi hodi.

Mkono wa tatu.

Siku mbili baadaye mita ililia kutoka pembe hadi pembe.
Nikakaza skrubu kwenye kijicho cha kijani.
Nimeugusa, Kitbok. Nisamehe au usinisamehe.

Ribor akafungua sauti hadi mwisho.
Tukasikia mvua kwenye mabati,
tukasikia muuza maziwa akipiga chafya.
"Limezimika?"
"Piga."
Akapiga, na nyumba ikashtuka.
Kisha akainua mikono yote miwili,
akaitazama kama vitu vilivyopewa likizo.

Akauliza bei. Nikamwambia bei ya kopo.
Sikumwambia yaliyo chini ya rangi,
wala kwamba koili moja haitubu kabisa:
ukigeuka na gitaa polepole kuelekea kona,
mahali fulani, kabla ya dirisha,
amebaki nyuki mmoja.